Mama Wayne na Mchanga wa Daraja la Newtown

Baada ya miaka ishirini na minne ya kazi, Bi. Valerie Simiyu, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Wayne, anastaafu tarehe 30 Juni kutoka kampuni yetu ya matengenezo ya barabara hapa Marshalltown, Johannesburg. Alikuja kutoka Nairobi akiwa mhasibu, akapanda hadi kuwa msimamizi wa bajeti. Ni mkali, na risiti iliyochanika haipokei hata ukilia.

Kila mwaka aliomba fungu dogo la theluji: mchanga, chumvi, malori ya kukodi. Kila mwaka wakubwa walilifuta huku wakicheka. Miji ya baridi hutenga fedha hizo mapema, lakini Johannesburg theluji huja kwa nadra, na meneja wetu, Steve, aliona jua litaiondoa bure.

Asubuhi moja ya Julai 2023 theluji ikaja. Daraja la kuingia Newtown likawa jeupe na la utelezi, hakukuwa na wa kulifunga, na teksi zilizojaa abiria zilikuwa njiani. Mojawapo ilimbeba Jeannine, mke wa Firmin wa kikosi chetu, akienda saluni kwake. Steve alikuwa ndani ya ndege, simu imezimwa. Fedha pekee zilizokuwepo zilikuwa za kuziba mashimo, na kuzigusa bila saini yake kungeweza kumfukuzisha mtu kazi. Mama Wayne alizigusa. Akakodi malori ya mchanga, kisha akatuambia kwenye redio kwamba theluji imeziba daraja. Firmin, mtu wa Bukavu anayeijua kwa Kifaransa tu, neige, akadhani ni jina la mtu, akajibu kwamba huyo Theluji aambiwe atoe gari lake. Leo tunacheka. Siku ile tulimwaga mchanga kwa koleo huku teksi ya kwanza ikishuka kuelekea kwetu. Ilipita polepole, haikuteleza.

Kufikia adhuhuri jua lilikuwa limeyeyusha yote. Steve aliporudi, Mama Wayne akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Walimtaka athibitishe kwamba kuna mtu angeumia. Akawajibu: "Eish, huo ushahidi sina. Mchanga nilinunua ndio ushahidi huo nisiwe nao."

Walimpa onyo la maandishi, na hadi leo halijafutwa. Linatuuma, na tunalisema hapa bila kificho.

Asante sana, Mama Wayne. Nenda ukapumzike, Mungu akuzidishie afya. Familia zetu zinakuaga zikiwa nzima.