Vasi Lililosuguliwa kwa Ndimu

Kila Ijumaa alasiri, benchi lililo mbele ya duka la mshonaji kule Najma, mtaa wa Doha, hujaa Waswahili walio kwenye mapumziko. Kahawa huileta Haji, dereva wa Kizanzibari aitwaye Injinia kwa kuwa hakuna asichoweza kukitengeneza, kwa maneno. Leo Saada, mtumishi wa nyumbani, alikaa pembeni mpaka wakambembeleza aseme.

Nyumba anayofanyia kazi ina mavasi mawili ya kale kutoka Ufaransa, ya jiwe la kijani, yenye mikono ya shaba iliyopakwa dhahabu. Mikono ilikuwa imefifia. Saada akalichukua moja, akalisugua kwa ndimu na majivu, kama wasuguavyo shaba kwao Idi ikikaribia. Weusi ukatoka, na dhahabu nayo ikatoka. Sasa pacha hawafanani, na madamu, mwajiri wake, anarudi safari kesho.

— Atanirudisha kwetu, alisema.

Injinia akatoa dawa: alisugue na la pili, maana mapacha hunyolewa siku moja. Japheth, mlinzi wa hoteli kutoka Kenya, ambaye benchi linamwita Afande, alikataa katakata.

— Skiza, sista. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hivyo tia maji.

— Wapi, kaka?

— Kwa vasi. Halafu maua mengi, yafunike hiyo mikono.

Injinia akaona hayo ni ya kitoto. Apake machicha ya kahawa, yakikauka hata Mfaransa mwenyewe hatojua. Afande hakukubali kushindwa. Akajitolea kuja na sare yake kuandika ripoti: mwizi aliingia, akalisafisha vasi, akakimbia. Saada akacheka bila kutaka.

Hapo Proscovia, Mganda aliyefika Doha juzi tu, akauliza taratibu:

— Kwani huyo madamu hana simu?

Injinia akaangalia viatu vyake. Afande akaangalia barabara. Saada akasogea kando akapiga simu.

Alizungumza kidogo, akasikiliza sana. Aliporudi, macho yalikuwa na machozi na mdomo unacheka.

— Nimemwambia yote. Kisha anasema yeye alipoolewa alilifua zulia la mama mkwe wake kwa maji ya moto, likasinyaa likawa la kuswalia.

— Na kazi? akauliza Injinia.

— Nimpikie samaki kesho. Ila nimeapishwa, la pili nisilipitie hata na kitambaa.