Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Bismillahi. Kaeni, wanangu, kaeni mkao wa kukaa, si wa mtu mwenye safari. Hamood, vua hiyo kofia uiweke chini, ofisi haikimbii. Na wewe Buthaina nisogezee mto nyuma ya mgongo, hapo hapo, basi. Dativa usende jikoni, mama, na wewe yanakuhusu, umenilisha na kunigeuza kitandani kuliko hawa niliowazaa. Daktari alikwambieni pale mlangoni kwa sauti ya chini akidhani mie nimelala, nami nilikuwa macho nikisikia kila neno. Sikushtuka. Nimekula chumvi yangu ya kutosha, na mtu wa umri wangu akiambiwa safari imekaribia haulizi kwa nini, huuliza tu kama mizigo imefungwa. Yangu imefungwa yote isipokuwa kitu kimoja, na hicho ndicho nilichokuitieni.

Lakini tuanze na ya sharia, yasije yakasahauliwa. Nyumba hii ya Ghubra, hapa Muscat, na kile kiwanja cha Mabela mgawane kama alivyogawa Mwenyezi Mungu, msiongeze wala msipunguze, na asije mtu akasema baba aliniambia faraghani, kwa sababu sikumwambia mtu kitu faraghani. Katika ile sehemu niliyoruhusiwa kuusia, Dativa apate cha kumjengea mamake nyumba kule Bukoba, na siku akitaka kurudi kwao mumpe pasi yake mkononi na mumsindikize uwanja wa ndege kama anavyosindikizwa mtu wa nyumbani. Usilie, Dativa. Ukilia wewe nani atanipa maji?

Sasa hilo moja. Mnajua nilikwenda Uingereza kijana kusomea mambo ya maji, kaskazini, kwenye bonde moja karibu na Halifax, mji wa nyumba za mawe zilizokuwa nyeusi kwa moshi wa viwanda vya nguo, na mvua ambayo haikunyesha kwa nguvu hata siku moja wala haikukoma. Nilipanga chumba kwa mfumaji mmoja aliyenizidi umri kidogo akiitwa Walter, mtu wa maneno machache, tukipishana ngazini tunaamkiana, khalas, basi. Baridi ya kwanza ile ile nilimsikia mtu wa redio akisema Unguja kumepinduliwa. Nikajifungia chumbani. Sili, silali, na simu nimpigie nani? Sikujua kama baba yangu yu hai au la, na hadi leo, wanangu, najua tu kwamba hakuwa hai. Alipozikwa sijui. Hakuna mtu wa kwetu aliyepata kwenda kumuulizia, aliyeweza kwenda alikuwa mie, na mie nilikuwa mbali.

Walter akanigongea mlango. Hakusema pole, hakuuliza kitu, alisema tu, "Vaa koti." Akanichukua mvuani mpaka kwenye jengo dogo pembeni mwa daraja, likiitwa Wafumaji, na ndani yake chumba chenye dari ya chini, moto wa makaa ya mawe, na mabenchi yaliyozunguka kuta ili watu watazamane, kama zilivyo baraza za kwetu Malindi ya Unguja nilikozaliwa. Wazee waliokuwa karibu na moto wakasogea bila kuombwa. Bibi mwenye mahala, Nora, akaniwekea bakuli la njegere nyeusi za moto zenye siki, na nilipotia kijiko kinywani nikaziona mbaazi za mama yangu. Nikala huku nalia. Hakuna hata mmoja aliyenitazama, wote walijitia kutazama moto, na mpaka leo sijapata kuona adabu kubwa kuliko ile.

Ndiyo, Hamood, walikuwa wakinywa. Sitakudanganya kitandani hapa. Ilikuwa bia ya pipa, si hii ya chupa wala ya kutiwa gesi, na wao wenyewe wakisema kuwa iko hai. Pipa likija hushushwa chini ya ardhi kwenye ubaridi, likalazwa na kuachwa litulie, na ole wake atakayeligusa kabla ya wakati. Kisha Nora huivuta kwa mpini mrefu, kwa mkono, polepole, na ikishafunguliwa inaishi siku chache tu na haisafirishiki, ukitaka kuijua lazima uifuate kwao. Mie sikuonja hata tone, si siku ile wala miaka yote iliyofuata, na Mungu ni shahidi. Lakini yale maneno ya kitu ambacho lazima ukifuate kwao yaliniingia, maana mie nilikuwa mtu ambaye kwao hakufuatiki tena.

Na nilifanya kichekesho, nikuambieni mcheke kidogo. Mie mtoto wa Unguja, nimelelewa kuwa mgeni hakirimiwi akakataa, na wala hatii mkono mfukoni. Wenzangu wakiniletea tangawizi ya moto na sukari, nasema ahsante, nakunywa, nafurahi, nikiona nimepata watu karimu ajabu. Kumbe wale hununuliana kwa zamu, leo huyu kesho yule, na mie nimekaa wiki baada ya wiki zamu yangu inanipita, wao wananyamaza kwa haya. Mwisho Walter akanishika mkono njiani akaniambia, "Suud, wewe si mgeni tena, na mtu asiye mgeni ana zamu." Nilitamani ardhi ipasuke. Bia kwa mkono wangu sikuweza kununua, nikamweleza, akaenda akakaa na Nora wakapika lao. Kuanzia hapo zamu yangu ikawa kuteremka ghalani kupandisha makaa na kuuchochea moto, na kuwanunulia meza nzima njegere. Nikawa mtu wa moto. Nikichelewa wanakaa na makoti yao wakininung'unikia, na wallahi sijapata kunung'unikiwa nikafurahi namna ile.

Hapo ndipo nilipopewa kikombe. Juu ya kaunta walikuwa na kulabu, na kila mwenyeji ana kikombe chake cha bati, kizito, chenye mkono. Changu Nora alikifunga uzi mwekundu wa sufu kwenye mkono wake, asije msaidizi yeyote akakosea akakitia bia. Uzi ukichakaa akiubadilisha mwenyewe, na alipokufa akiubadilisha binti yake, Janet. Tangawizi tu ndiyo iliyopata kuingia humo.

Na wana mila yao, nisikilizeni vizuri hapa. Mwenye kikombe akifa, hakigusi mtu. Kinangojewa. Aje mtu wa damu yake akiteremshe kwa mkono wake, anywe mara moja alichokuwa akinywa marehemu, akae kidogo mahali pake, kisha aende nacho. Asipokuja mtu, mwaka ukipita kinashushwa ghalani, kuna rafu kule nyuma ya mapipa. Nimeiona mara nyingi nikifuata makaa. Vikombe vya watu waliokufa na hakuna aliyekuja kuwaulizia, vimekaa gizani na vumbi. Nilikuwa nikiondoka pale mbio na ndoo yangu.

Kisha ikafunguliwa Oman, tukaitwa wenye elimu turudi tujenge nchi, nikarudi kwenye nchi ya babu yangu ambayo mie sikuwa nimeiona. Sikujuta. Nilimpata mama yenu, nikakupateni nyinyi, nikachimba visima vinavyonywesha watu mpaka leo. Lakini n'takwambieni la moyoni, sikupata tena pa kukaa. Nyumba zetu nzuri, kuta ndefu, geti la umeme, na majlis ya wageni unaingia baada ya kualikwa, ukishaingia kila mtu na simu yake. Mie nilikuwa nikipakumbuka pale. Nilikuwa nikienda kila nilipoweza, kila baada ya miaka mitatu minne, na mama yenu akiniona natia koti zito kwenye sanduku hujua. Safari moja akafuatana nami, Mungu amrehemu Masouda, akakaa karibu na moto na mtandio wake, akanitazama ninavyochochea makaa kama mwenye nyumba, akasema, "Umri wote huu nna mke mwenza, kumbe ni chumba!" Akawafundisha kutia mdalasini kwenye tangawizi. Baadaye magoti yakakataa ndege, na nimekaa hapa na joto la Muscat na vipoza hewa, nnatamani baridi. Nnatamani kuingia nimelowa, mtu akasema umechelewa, moto unazimika. Nimetamani mpaka naota.

Hamood. Tazama huku, mwanangu, si sakafuni. Najua ulivyosikia habari ya mahala pale. Maan, mtoto wa ami yangu, alitapakaza kuwa mie nashinda kilabuni na walevi, na ulipokuwa skuli mwanawe alikutolea hilo mbele ya wenzio, ukampiga mpaka akavunjika jino. Ulirudi shati limechanika. Ulinitetea ukiwa mtoto, na tangu siku hiyo hukuniuliza hata mara moja kama ni kweli, na mie nikaona ukinyamaza nami ninyamaze. Maan mwambieni nimemsamehe, na mumsogeze mbele kwenye jeneza, asiachwe nyuma ya watu. Hilo limekwisha. Lililobaki ni la kwako wewe na mie.

Walter alikufa mwaka jana, mjukuu wake akaja akakiteremsha cha kwake, Janet alinipigia simu kunihadithia. Changu bado kimetundikwa. Nakuusia ukanichukulie.

Ngoja, usiseme. Najua utakalosema, kwamba meza inayonywewa ulevi Muislamu haikalii, na sikupingi, wewe umesoma dini kuliko mie. Mie nilikaa, na nimeomba maghufira kwa ninayoyajua na nisiyoyajua. Wewe sikutaki ukae nao. Nenda asubuhi, kabla hawajafungua, mapipa bado yamelala na meza zimepanguswa. Janet atakufungulia mlango na sufuria la tangawizi liko motoni. Hutakuta mtu ila yeye. Ukinywa funda moja limetosha.

Buthaina, teremsha mkono, najua wewe ungekwenda kesho. Lakini ukienda wewe na kaka yako amenuna, kikombe kitaingia nyumba hii kama kitu cha wizi, kitafichwa kabatini nyuma ya mashuka, na kama ni giza bora kikae kwenye giza la kule kilikozoea. Nnataka kiwekwe hapo majlis, mahali watu wanakiona, na mgeni akiuliza aambiwe ni cha baba yetu, alikuwa mtu wa moto. Baba yangu mie hakuna aliyekwenda kumuulizia. Mie nnaomba mmoja tu, aende, aingie, aseme nimemfuata Suud.

Sikulazimishi, Hamood. La nyumba na kiwanja ni sharia, hili ni ombi la mtu anayekufa na unaweza kulikataa, radhi zangu unazo vilevile. Ukikataa niambie sasa nilijue, nisiende nikingoja.

Maji, Dativa. Kidogo. Tena. Ahsante, mama.

Nizikeni karibu na Masouda, bila mbwembwe, na chakula cha msibani walishwe kwanza vibarua wa mtaani. Msigombane. Pigianeni simu hata mkiwa hamna la kusema. Mwenyezi Mungu akupeni afya na wana watakaokufuateni popote mtakapokuwa... akupeni pa kukaa, na watu wa kukusogeeni... Nimekuridhieni, nyote, nje na ndani. Amin. Sauti inakwisha, naisikia mwenyewe.

Nani anasema? Hamood? Sogea, masikio haya... Sema tena.

Kulabu ipi.

Unaniuliza kulabu ipi. Alhamdulillahi. Nipe mkono, nipe mkono mwanangu... Ukiingia, kushoto, juu ya kaunta, ya mwisho, karibu na moto. Uchochee kabla hujakaa. Utakiona tu. Kina uzi mwekundu.