Tuta la Shangazi Lisimwagiwe Zege

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe Shangazi yetu unayestaafu leo, uliyepanda jukwaani na mabuti ya bustani:

Nimepewa dakika chache za kukusifu. Nitakusifu, lakini kuhusu tuta lako sinyamazi.

Ndugu zangu, Shangazi ni mtaalamu wa vijidudu vya udongo. Mimi nafuga viwavi wa utafiti, hawa wanaotafuna mazao. Kitengo changu kilitaka udongo wote wa banda la miche uchemshwe kwa mvuke, uwe safi. Yeye akakataa. Kila chungu chake alikitia konzi ya udongo wa tuta lililo nyuma ya ofisi.

"We Bwana Viwavi," akaniambia, "unataka mche ukae nyumba isiyo na majirani?"

"Shangazi, hiyo si sayansi."

"Basi walete wanao waje kula."

Nikawaleta. Mbegu ile ile, maji yale yale. Kwenye kabichi za udongo uliochemshwa viwavi walinenepa kama watoto wa bosi. Kwenye kabichi za Shangazi walidumaa, wakabaki kuzurura ukingoni mwa jani kama watu waliokosa viti harusini. Naye kila asubuhi ananichungulia: "Wageni wangu vipi? Chakula hakijawapendeza?"

Dawa haikuwepo. Bakteria na kuvu wa tuta lile walikaa na mizizi, wakaizoeza, na jani likawa tayari na uchungu wake kabla ya kung'atwa. Sasa ni nani aliyetudanganya kwamba udongo ni kitu cha kuzuia mche usianguke tu?

Mheshimiwa, Jumatatu tuta hilo linamwagiwa zege, magari yetu yapate maegesho. Udongo mwingine tutanunua. Wakazi wake tutawanunua duka gani?

Tumemwandalia Shangazi saa ya ukutani. Jana nilimkuta tutani, nikamtobolea siri ya saa na kumuuliza angependa zawadi gani hasa. "Saa ya nini, na mimi sina tena pa kuchelewa? Niachieni tuta. Nitakuja kulimwagilia, hata mkinifungia geti." Akacheka, kisha akaendelea kumwagilia, akijua fika zege linakuja. Mimi sikuweza kucheka.

Magari yalale barabarani, langu likiwa la kwanza.

Shangazi, tunakupenda, ukali wako na matope yako yote. Ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia. Kipaza sauti namkabidhi Mkurugenzi, na sahani haiguswi mpaka ajibu.