Karatasi ya Asiransi Tuliyoiombea Kabla ya Kuisoma

Wapendwa wa kanisa letu la Majengo, Yesu apewe sifa! Mimi ni Mama Elia, muuzaji wa mashu, zile kabichi za Kibumba. Wengi mnanijua kwa sauti, maana sokoni sinyamazi.

Ndugu zangu, niwakumbushe kwanza ile miaka mizuri. Bwana yangu, Papa Elia, alikuwa anashuka kutoka Kibumba na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mashu yamepangwa mpaka yanamzidi urefu, nami ninamngoja kando ya barabara na chai ya tangawizi. Nilimtambua kwa mluzi kabla sijamwona. Alikunywa amesimama, akinitania kwamba mzigo umemchosha, ila si kama mdomo wangu. Tulichoka, lakini tulichoka pamoja. Ninazitamani zile asubuhi mpaka leo.

Kisha nikakopa krediti kwenye koperative moja ya mjini ili ninunue mashu mengi zaidi. Ajenti wao akanilipisha na asiransi, yaani bima, juu yake, akisema mmoja wetu akiumia, asiransi itamaliza deni. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, nami Kifaransa sikijui. Bwana yangu anakijua vizuri. Je, nilimwonyesha? Hapana! Niliikunja ndani ya Biblia, nikaileta hapa Jumapili, mchungaji akaiwekea mikono, nanyi mkapiga vigelegele. Nikashuhudia kwamba Mungu amenipa ulinzi. Mama Neema, mwenzangu wa korale, kwaya yetu, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akaenda kesho yake kuchukua asiransi ile ile. Alinifuata mimi.

Haukupita muda, chukudu ikamshinda bwana yangu kwenye mteremko, mguu ukavunjika. Nikaenda koperative bila wasiwasi. Ajenti yule yule akaniambia, "Mama, hii asiransi ni ya watu wenye kulipwa mushahara kila mwezi. Weye unauzisha mashu, haikuhusu."

"Na feza zangu mulizikata za nini?"

Akamwita mteja aliyenifuata kwenye foleni.

Ndugu zangu, nililia. Hata hivyo deni halikuniumiza kama Mama Neema alivyohamia benchi ya nyuma, aliposikia kwamba asiransi yake nayo ni bure. Tangu usichana tuliimba bega kwa bega. Sasa alinipita mlangoni kama hanijui, na mimi nikaacha korale. Kuimba bila yeye sikuweza.

Nikamlilia Mungu anitoe katika aibu ile. Siku moja Papa Elia, mguu ukiwa bado kwenye plasta, akaomba ile karatasi. Akaisoma mpaka chini, akacheka kama zamani.

"Mama Elia, ona hapa. Ajenti mwenyewe aliandika kazi yako, muuzishaji wa mashu. Alijua tangu siku ya kwanza."

Akaniandikia barua ya malalamiko. Nilirudishwa mlangoni mara mbili. Mara ya tatu mkubwa wa koperative akaisoma, akaiweka kando ya karatasi, akazilinganisha. "Tutarudishia kila mutu aliyeuziwa hivi," akasema. "Lakini aje yeye mwenyewe na karatasi yake."

Basi ilinibidi niende kwa Mama Neema. Nilimkuta kwake Mugunga akianika sambaza. Nikamwambia nilimpotosha bila kujua, anisamehe. Aliendelea kugeuza samaki. Baadaye akauliza, "Tutaenda siku gani?"

Tulienda Jumanne, tukarudishiwa pesa zote za asiransi, yeye zake, mimi zangu. Deni la mashu bado ninalipa mwenyewe. Chukudu tuliiuza, bwana yangu anatembea na fimbo, na mluzi ule hauko tena barabarani. Lakini Bwana amenitoa katika aibu, nami ninamshukuru mbele yenu.

Ndugu yangu mwenye karatasi usiyoielewa, mtegemee Mungu na usione haya. Ilete. Papa Elia ameketi pale mlangoni, ataisoma kwa sauti, ndipo tutaiombea.

Nilitaka kumalizia kwa wimbo, lakini peke yangu bado siwezi. Mama Neema, ninakuona huko nyuma. Njoo mbele, dada yangu, uanzishe wewe.