Mama Pasi na Mfuko wa Nguo Safi

Marehemu, ambaye sote tulimwita Mama Pasi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya tatu nyuma ya stesheni, mtoto wa pili kati ya watatu. Alisoma hadi darasa la saba. Mwenyewe alisema hesabu zilimshinda, ila watu hawakumshinda.

Mwaka 1975 mdogo wake wa kiume, mwenye miaka kumi na sita, alinyamaza mwezi mzima. Asubuhi moja aliamka mchangamfu, akampa dada yake redio aliyoipenda kuliko kitu chochote. Dada akaruka kwa furaha, akaenda zake kazini. Aliporudi, kijana alikuwa amejitoa uhai. "Nilimwambia ahsante," alisema hadi uzeeni, "kumbe mwenzangu ananiaga."

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa dobi wa shule ya bweni. Hapo ndipo fundi baiskeli mmoja alipomletea shati lenye grisi, na tena, na tena. Mara ya tatu akaambiwa, "Kaka, grisi hii unaipaka mwenyewe. Sema unachotaka." Walifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1982, wakajaliwa watoto wawili.

Nguo chafu hazikumpa shida. Zilizomtisha ni zile zilizoletwa kufuliwa bila hata jasho, shati limekaa wiki nzima na mikunjo ya pasi yake, kana kwamba halikuvaliwa na mtu. Hapo aliweka pasi chini, akapanda bwenini kumtafuta mwenye shati. Hakupindapinda maneno: "Mwanangu, unataka kufa?" Walimu walimgombeza, eti anawatia watoto wazo. Akawajibu, "Wazo analo tayari. Anachokosa ni wa kumwambia." Kisha aliketi na mtoto, asimwache peke yake hata dakika, mpaka mzazi na daktari wafike. Alifanya hivyo kwa wanafunzi kumi na mmoja. Wa saba alikuwa binti wa kaka yake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Sasa ana miaka thelathini na minne, na kelele za kutosha.

Figo zilianza kumsumbua Februari mwaka huu. Julai alianza kugawa vitu vyake. Binti wa kaka yake alikumbuka ile redio, akamuuliza swali lile lile. Mgonjwa alicheka hadi akakohoa. "Mimi nakufa, mwanangu, ila sitaki. Hayo mawili usiyachanganye."

Jumanne, tarehe 12 Agosti, mfuko uliachwa mlangoni pa chumba cha kufulia. Ndani mlikuwa na sare safi, zimekunjwa vizuri, na lebo ya jina imefumuliwa. Hakuna aliyempelekea mgonjwa habari hizo. Hata hivyo alishtuka usingizini, akauliza, "Nani huyo asiyetoka jasho?" Akadai viatu vyake aende bwenini. Jamani, tulimzuia siku mbili! Alifariki Alhamisi saa nne asubuhi, amevaa kiatu kimoja.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na wewe mwenye mfuko. Walimu wanalala mabwenini tangu Jumanne, na bado hatukujui. Lakini shule nzima ipo hapa, kwa hiyo upo. Yeye hakukufikia, basi tunakuuliza sisi: unataka kufa? Usijibu mbele za watu. Mshike mkono yeyote aliye karibu nawe, naye asikuachie.

Mama Pasi alale kwa amani. Sisi hatuondoki hapa mpaka mtu ashikwe mkono.