Kofi la Bi Etelka

Wasikilizaji wapendwa, nianze na lililo muhimu, maana najua mmeshapigiana simu. Bi Etelka Vadász amefariki. Amefariki nyumbani kwake Kelenföld, hapa Budapest, kwenye kiti chake cha dirishani, akiwa na miaka themanini na moja. Hakugongwa na gari. Narudia: hakugongwa na gari.

Narudia kwa sababu Jumamosi watu wa klabu yetu ya baiskeli walisikia kwamba amefariki, na hakuna aliyeuliza amekufaje. Mwendesha baiskeli akiuawa barabarani, sisi hupaka baiskeli kuukuu rangi nyeupe na kuifunga kwa mnyororo pale alipoangukia. Basi tukapaka. Tukaifunga kwenye nguzo ya njia panda ya soko, pamoja na picha yake. Mimi mwenyewe nilishika brashi, na sikuuliza.

Jumapili binti yake, Piroska, alinipigia simu.

"Mama alikula supu ya maharage Alhamisi jioni, mabakuli mawili. Akaketi, akalala, hakuamka. Miaka arobaini na saba nimeingoja simu ya polisi, na haikuja. Sasa nyinyi ndio mnamuulia njiani?"

Nilimwomba radhi. Leo nawaomba radhi na nyinyi.

Bi Etelka alianza kwenda kazini kwa baiskeli mwaka 1977. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha viatu. Enzi hizo wenye baiskeli barabarani walikuwa yeye na tarishi tu. Madereva walimpigia honi: "Bibie, jikoni hakuna kazi?" Naye alijibu: "Ipo. Mkeo anakungoja ukaifanye."

Leo asubuhi pale kwenye taa za soko wenye baiskeli tulikuwa wengi mpaka tairi la mmoja lilimgusa mwingine kisigino. Wengi ni wanafunzi wake. Kila Jumamosi ya majira ya machipuko alitufundisha wanawake katika uwanja wa shule. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na nne, nina watoto wawili, na nilianguka mara tatu. "Inuka," akaniambia, "ardhi haijakuposa."

Alikuwa na kanuni moja. Gari likimpita karibu kiasi cha kufikiwa na mkono wake, alilizaba kofi ubavuni. "Nikikufikia, umenikaribia mno." Ule ulikuwa mkono wa kiwandani. Bati lililia kama pipa.

Sasa sikilizeni. Jumatatu nilikuwa na Piroska nyumbani kwa marehemu tukipanga mazishi. Akabisha hodi mwanamume mmoja, Lóránt Csonka, dereva wa lori dogo la mikate. Hakuvua koti. Hakutaka kuketi. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala.

"Alhamisi jioni mvua ilikuwa inanyesha," alisema. "Nilimpita yule mama wa koti la njano pale sokoni. Nilikuwa nimechelewa. Nikasikia paa! ubavuni. Kwenye kioo sikuona kitu, maji tu. Sikusimama. Jana nimeiona baiskeli nyeupe na picha yake. Naenda polisi. Nimeona nianze hapa."

Piroska alimtazama.

"Saa ngapi?"

"Kama saa kumi na moja."

"Lori la kijani?"

"La kijani."

"Kaa chini."

Hakukaa.

"Kaa chini, bwana wewe. Mama alirudi hapa saa kumi na moja na nusu, kwa baiskeli yake, mzima. Akanionyesha kiganja, chekundu kama nyanya. Akasema, 'Leo nimelizaba lori la kijani la mikate. Yule mpumbavu atanikumbuka.' Kisha akadai supu."

Csonka alikaa. Mtu mzima yule alishika magoti yake, akacheka, akalia, halafu akaomba maji. Piroska akampa.

"Ila ulimpita karibu," akamwambia.

"Nilimpita karibu."

"Na hukusimama."

"Sikusimama."

"Basi ondoka hapa ukiyajua yote mawili."

Akiwa mlangoni aliuliza kama anaweza kuleta mikate ya msibani. "Lete," alisema Piroska. "Na uje polepole."

Baiskeli nyeupe tumeifungua. Tutaipaka rangi ya njano, apewe mwanafunzi wa Jumamosi.

Piroska, pole sana, na pole kwa jamaa wote. Mama yenu amekwenda akiwa ameshiba, miguu yake ikiwa imekauka mvua, na simu ya polisi haikulia. Tunalia nanyi, na tunashusha pumzi nanyi.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa umeshika usukani, tafakari. Mwachie mwenye baiskeli nafasi inayozidi mkono wake. Na ukisikia kishindo ubavuni, simama, shuka, uangalie. Safari hii kilikuwa kofi.