Mama Vijiti na Mkono Wetu Mvivu

Ijumaa tarehe 28 Novemba, saa nane mchana, mwalimu wa bendi wa shule yetu atakabidhi funguo za stoo ya ngoma na kustaafu, baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Kwenye mikutano anaitwa Mwalimu wa Bendi. Kwenye faili lake bado anaitwa Karani Mpiga Taipu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Sisi wanafunzi tunamwita Mama Vijiti tukidhani hajui. Anajua. Muhula uliopita alitia sahihi jina hilo kwenye cheti changu cha ruhusa.

Niliombwa niyasome haya jukwaani. Nilikataa kwa heshima zote, nikajificha maktaba vipindi viwili, na mwishowe tukakubaliana na mhariri wa jarida kwamba yachapwe kwenye ratiba ya sherehe, kila mtu ajisomee kimyakimya. Mimi napiga ngoma ndogo. Ni chombo kizuri kwa mtu mwenye aibu: unapiga kelele kuliko wote na hakuna anayetarajia useme neno.

Mama Vijiti hakuajiriwa kufundisha ngoma. Aliajiriwa kuchapa barua. Inasemekana alichapa kwa kasi hivi kwamba ukikosea asubuhi, barua ya kumwita mzazi ilikuwa nyumbani kabla yako. Ofisi yake ilipakana na ya mkuu wa shule wa wakati huo, na muhula mmoja, wiki tatu kabla ya gwaride, mwalimu wa bendi akapata kazi kwingine na kuondoka bila hata kurudisha vijiti. Mkuu akawa amekaa ameshika kichwa. Ndipo akasikia, kupitia ukutani, taipureta ikienda sawasawa, bila kuchechemea. Akatoka, akasimama mlangoni kwa karani wake.

"Samahani, Mkuu, nitapunguza kelele," Mama Vijiti akawahi kusema.

"Usipunguze. Simama twende stoo."

Yeye mwenyewe ndiye aliyetueleza sababu. Mpiga taipu hana mkono mzembe. Herufi a inakaa chini ya kidole kidogo cha kushoto, na Kiswahili hakitembei hatua mbili bila a. Shule yetu inafundisha kwa lugha mbili, naye amechapa zote mbili, lakini anaapa kwamba Kiswahili ndicho kilichomlea mkono wa kushoto. Ile lugha nyingine, Kiingereza, anaikubali kwenye kuhesabu tu, kwa sababu kwenye mwendo wa kasi ukisema moja, mbili, tatu, nne, ulimi unachoka kabla ya mkono.

Tangu siku hiyo amefundisha wapiga ngoma mia mbili na kumi na wanne. Anawakumbuka wote, si kwa majina, bali kwa mkono upi ulikuwa mvivu na uliushinda uvivu vipi. Vijiti vilipoadimika, alivichonga kwa mipini ya mafagio, kidogo kidogo, mpaka msimamizi wa usafi akaandika malalamiko rasmi kwamba mafagio ya shule yanafupika kila muhula na wafagiaji wanaumwa migongo. Malalamiko hayo yalipelekwa kwa karani ili yachapwe. Aliyachapa vizuri sana, bila kosa hata moja, akayaweka kwenye faili, na kesho yake akakata fagio jingine.

Njia yake ya kufundisha inajulikana. Mkono hodari unawekwa mfukoni. Mkono mvivu unapiga peke yake, polepole, kwa mwendo ambao hata mtoto mchanga angeona aibu nao. Kifundo cha mkono ndicho kinachopiga, bega linapumzika. Ukiinua bega anapita nyuma yako na kulibonyeza kama anazima taa. Kila wiki unaongezewa mapigo mawili kwa dakika, si matatu. Ukiomba matatu anakuuliza unawahi wapi.

Na alikuwa na ndoto moja, ambayo ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika. Mwaka wake wa nne kazini alitunga mwendo wa gwaride, akauita Mwendo Kasi: mapigo mia na sitini kwa dakika, na katikati kuna sehemu ambapo ngoma ndogo zote nne zinaongozwa na mkono wa kushoto. Hapo ndipo ulipokuwa ukivunjika. Kila mwaka, mahali palepale, ngoma moja inabaki nyuma, zingine zinaisubiri, tarumbeta zinapotea, na bendi inarudi kwenye mwendo wa kawaida wa mia na ishirini. Miaka ishirini na saba mfululizo. Mwezi wa tisa mwaka huu alituambia kwenye kikao cha kwanza, huku akifuta vumbi kwenye ngoma kubwa: "Wanangu, hili ni gwaride langu la mwisho. Msiponipigia ninyi, basi nitakuwa nauimba mwenyewe jikoni." Kisha akatoa masharti. Wiki ya gwaride kila mmoja angepimwa. Mmoja akishindwa, Mwendo Kasi unafutwa kwenye ratiba, na huyo mmoja anahamia matoazi.

Huyo mmoja nusura niwe mimi. Sasa naungama.

Watu hudhani wenye aibu hukaa nyuma. Si kweli. Viti vya nyuma hugombaniwa, na sisi hatuwezi kugombana, kwa hiyo tunaachiwa vya mbele, chini ya pua ya mwalimu. Nilikuwa mbele kabisa, sina mwenzangu wa kumwiga, namtazama yeye tu. Mama Vijiti hasemi kulia wala kushoto, kwa kuwa wapo wanafunzi wanaotumia zaidi kushoto. Anasema "mkono mvivu," na anaunyanyua wake. Basi siku ya kwanza ya mazoezi akasimama akitutazama, akanyanyua mkono wa kushoto, akasema, "Mkono mvivu, huu hapa, tuanze." Mimi nikauona uko upande wangu wa kulia. Nikanyanyua wa kulia.

Nilishangaa kidogo, siwezi kusema uongo. Mkono wangu wa kulia ndio unaoandika, unaofungua vifuniko, unaofanya kila kitu. Lakini nikajiambia kwamba Mwalimu ana uzoefu wa miaka mingi, lazima ameona kitu ambacho mimi sijakiona. Kuuliza kulikuwa jambo lisilowezekana. Ningelazimika kusema mbele ya watu kumi na sita. Nikautia mkono wa kushoto mfukoni na kuufundisha wa kulia kwa wiki tatu nzima. Niliufundisha kwa bidii. Nyumbani nilipiga meza hadi mama akasema, "We mtoto, hiyo meza imekukosea nini?" Kaka yangu alihamishia chakula chake sebuleni.

Mwisho wa wiki ya tatu Mama Vijiti akanisikiliza peke yangu. Nilipiga mikono yote miwili kwa zamu. Wa kulia ulikwenda kama pikipiki. Wa kushoto ulikwenda kama mwenye pikipiki, anaifuata kwa miguu. Alinisikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa.

"Mwanangu, zoezi langu unalifanya?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa mkono gani? Nionyeshe."

Nikaonyesha.

Kisha akanyanyua mkono wake wa kushoto, akautazama, akautazama wangu wa kulia, akageuka taratibu akanipa mgongo, bado mkono uko juu, na hapo nikaona. Mikono yetu haikuwa upande mmoja. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kiti, akakikosa, akakaa kwenye sanduku la tarumbeta. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Halafu kicheko kikakatika ghafla, na naona hata sasa jinsi uso wake ulivyobadilika.

"Ngoja," akasema. "Miaka yote hii nimesimama nikiwatazama. Wangapi?"

Akatoka mbio, mimi nyuma yake. Nje alikuwepo dereva wa basi la shule, anaosha vioo. Dereva wetu aliwahi kusoma hapahapa na kupiga ngoma ndogo, miaka kumi na tisa iliyopita. Ni mmoja wa wale ambao Mwendo Kasi uliwavunjikia mikononi.

"Wewe," Mama Vijiti akamwambia, "ulipokuwa bendi ulikaa wapi?"

"Mbele, Mwalimu. Si unajua sikuwa msemaji."

"Na mkono mvivu uliokuwa unaufanyia mazoezi ni upi?"

Dereva akaweka chini ndoo. Akafikiri, akanyanyua wa kulia, ule wenye kitambaa, maji yakamtiririkia kwapani. "Huu. Hata mimi niliona ajabu, Mwalimu. Lakini ningekuulizaje?"

Jioni ile aliwapigia simu wapiga ngoma wake wa zamani. Fundi wa bomba, wa kulia. Muuguzi wa zamu, wa kulia. Mshonaji wa sare zetu, wa kulia, na akaongeza kwamba umemsaidia sana kwenye mkasi. Karibu kila mwaka, kwenye kiti cha mbele, alikuwepo mtoto mmoja mkimya aliyeufundisha mkono usiohitaji kufundishwa, kisha akahamishiwa matoazi akiamini kwamba hana kipaji. Mama Vijiti aliniambia haya kesho yake bila kucheka. Akasema, "Si mikono yenu iliyokuwa mivivu. Ni mimi sikuwahi kugeuka." Tangu siku hiyo amefundisha akitupa mgongo, mkono wake wa kushoto ukiwa upande mmoja na wetu.

Zilibaki wiki saba, na mimi nilikuwa nyuma kuliko nilipoanza. Ndipo akatoa taipureta yake ya zamani juu ya kabati, akaiweka mbele yangu, akaniwekea karatasi. Kumbe anayo orodha ya maneno yanayochapwa kwa vidole vya kushoto peke yake. Baba. Dada. Sare. Barabara. Kila siku baada ya masomo nilichapa kurasa mbili za "sasa dada ataweza wazee wa baraza watateta," mkono wa kulia ukiwa mfukoni, huku kidude cha kupimia mapigo kikigonga pembeni. Niliongezewa mapigo mawili, si matatu. Nilipiga mswaki kwa kushoto na kujichoma ufizi. Nilipaka mkate siagi kwa kushoto, na mama akauliza mkate huo umegongwa na nini. Wiki ya tano nikaona kitu kipya: kidole kidogo kilianza kushuka chenyewe kabla sijakiamuru, kama mtu aliyechoka kusubiri kuitwa.

Siku ya kupimwa nilipita kwa pigo moja. Naandika ukweli: pigo moja.

Gwaride lilikuwa Jumamosi iliyopita, kwenye uwanja wa nyuma, wazazi wakiwa kwenye viti vya plastiki na mgeni rasmi kwenye kiti cha kitambaa. Mama Vijiti alisimama mbele yetu, mgongo kwetu, akahesabu kwa ile lugha nyingine, tukaondoka kwa mia na sitini. Ile sehemu ikakaribia. Kisha mkono wa kushoto ukaingia, na ngoma zote nne zikawa ngoma moja. Hatukuvunjika. Tukarudia mara ya pili, na hapa naungama tena, maana wenzangu wamekuwa wakilaumiana bure: aliyeongeza mwendo ni mimi. Mkono ulikuwa umefungiwa mfukoni miaka yangu yote kumi na sita, ulipofunguliwa haukutaka kurudi. Tulifika mia na sabini na kitu. Wadogo wa darasa la kwanza waliacha kutembea wakakimbia, kiatu kimoja kikabaki uwanjani. Mpiga ngoma kubwa alinitolea maneno ambayo ratiba hii haiwezi kuyachapa. Mgeni rasmi alipomaliza kusimama ili apokee saluti, mstari wa mwisho ulikuwa umeshampita.

Kwa kuwa alitupa mgongo, hatukuuona uso wake. Tuliona mabega tu, yanatikisika, na hatukujua kama ni hasira au kicheko. Dereva alikuwa ng'ambo, kando ya basi, anamtazama usoni. Baadaye nikamfuata nikamuuliza. Nilimuuliza kwa sauti, watu wakiwepo.

"Alikuwa analia," dereva akasema. "Lakini kuhesabu hakuacha."

Mwalimu, kwa niaba ya wote waliokaa viti vya mbele na kuogopa kuuliza, kuanzia wa miaka ile hadi mimi, asante. Asante kwa barua, kwa mafagio, kwa kutubonyeza mabega, na kwa kukubali kugeuka ukiwa umebakiza wiki saba tu. Tunakuombea siku ndefu zenye afya na nyumba yenye meza imara. Pumzika sasa, na mikono yote miwili ipumzike kwa mwendo mmoja.